Neno la Bangi, na Nusu ya Kweli



Mwalimu mmoja wa usharika wa milimani ametuletea barua fupi akiuliza hivi: "Vijana wetu wasikia ya kuwa siku hizi madaktari wa Ulaya na Marekani watumia bangi kuwa dawa. Je, tuwajibuje? Tukikubali, tutakuwa tumewafungulia mlango. Tukikana, wataona katika simu zao ya kwamba twawadanganya. Tena, Mkristo mgonjwa akipewa na daktari dawa iliyotokana na bangi, je, ni dhambi kuinywa?"

Lau tungaliipokea barua hii miaka mitatu iliyopita, tungalijibu kwa mstari mmoja, na kujiona tumefanya vema. Leo hatuwezi. Imetupata habari fulani, na ijapokuwa si habari ya kutuletea sifa, yafaa tuieleze kwanza, maana jibu letu latoka humo.

Katika usharika wetu yuko mama mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka saba, naye mtoto huyu ana kifafa tangu utotoni. Alikuwa akipewa vidonge vya hospitali kila jioni, na kuanguka kwake kulipungua, lakini hakukukoma. Ndipo akaja mchuuzi kutoka mjini na vichupa vya mafuta meusi. Akasema ni mafuta ya bangi, kwamba Wazungu wamewaponya watoto wao kwa mafuta hayo, na kwamba vidonge vya hospitali ni sumu, sharti viachwe kwanza ili mafuta yafanye kazi. Mama akauza mbuzi wawili, akanunua chupa moja, akaacha vidonge. Siku ya nne, usiku, mtoto akashikwa. Na kabla fahamu hazijamrudia akashikwa tena, na tena. Wakampakia juu ya pikipiki, yeye kati ya dereva na baba yake, wakafika hospitali kunapambazuka. Mungu alimhurumia, akaishi.

Tulipokwenda kumtazama tulimwuliza mama, tena kwa ukali kidogo, kwa nini hakuja kwetu kutaka shauri kabla ya kununua. Akatujibu kwa adabu, macho yake chini: "Mchungaji, tulijua utakalosema. Ulisema kanisani ya kuwa bangi haina faida hata moja, kazi yake ni kuwatia watu wazimu tu. Yule mtu akatuonyesha katika simu watoto waliopata nafuu, na daktari akieleza. Tukaona kwamba neno hili wewe hulijui."

Hapo ndipo ulipotuchoma mwiba. Mchuuzi alisema nusu ya kweli, nasi tulikuwa tumesema nusu ya pili. Nusu yetu ndiyo iliyomfungia mama yule mlango wa nyumba yetu, hata akabaki na mchuuzi peke yake.

Basi swali tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi ni hili: je, yafaa mwalimu kuificha sehemu ya kweli, au hata kuikana, akiwa na nia ya kuwalinda watu na madhara?

Wako wasemao yafaa, na hoja yao si ya kudharauliwa, maana sisi wenyewe tuliishi nayo miaka mingi. Husema hivi: mzazi humwambia mtoto mdogo ya kuwa kisimani mna zimwi, asije akachungulia akatumbukia. Mtoto hajui kina cha maji, lakini zimwi analijua. Je, mzazi yule ametenda vibaya? Amemwokoa mwanawe. Vivyo hivyo kijana wa miaka kumi na minne hawezi kupambanua kati ya jani lililochumwa shambani na dawa iliyopimwa. Ukimwambia "dawa", yeye husikia "ruhusa". Heri basi aogope.

Lakini mtoto hukua. Siku moja hutumwa kuteka maji, akachungulia, asione zimwi. Hapo haliachi zimwi peke yake. Huacha pia kukiogopa kisima, na kesho mama yake akimwonya juu ya mto uliofurika, hucheka. Maneno haya si ya kubuni tu kwa ajili ya mfano. Mwaka mmoja katika darasa la kipaimara tulifundisha ya kuwa kila avutaye bangi hupata wazimu. Kijana mmoja akasimama, akasema: "Mchungaji, mjomba wangu huvuta tangu sijazaliwa, naye analima shamba lake na kulipa madeni yake. Hana wazimu." Tulimwamuru akae. Akakaa, na tangu siku ile hakutuuliza neno lolote tena.

Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu na mwaka 395, na cha pili karibu na mwaka 420. Kile cha pili alikiandika kwa sababu baadhi ya watu wa kanisa walitaka kujifanya wazushi, wapate kuwafichua wazushi waliojificha kati yao. Nia yao ilikuwa njema. Augustino akawakataza. Moja katika hoja zake ni hii: mwalimu akisha kujulikana ya kuwa husema uongo pale aonapo faida, msikilizaji atajuaje ni saa ipi asemapo kweli? Si wote walioridhika na ukali wake, wala sisi hatusemi kwamba kila neno gumu halina budi kusemwa papo hapo kwa kila mtu. Kunyamaza ni jambo moja, na kukana ni jingine. Sisi hatukunyamaza; tulikana. Na amri ya nane, tuliyoihifadhi sote katika Katekisimo Ndogo, haikutenga nafasi kwa ajili ya uongo wenye faida.

Sasa kweli yenyewe ni ipi? Tumewauliza madaktari na kusoma kadiri tulivyoweza.

Jina la bangi lilitufikia kutoka Uhindi kwa njia ya bahari, na huko Uhindi ndiko mambo haya yalikochunguzwa mapema. Daktari mmoja wa Ireland, William O'Shaughnessy, aliyefanya kazi Calcutta, alieleza mwaka 1839 jinsi alivyowapa wagonjwa dawa iliyotengenezwa kwa bangi. Aliona imelegeza mikazo ya wagonjwa wa pepopunda, tena aliandika habari za mtoto mchanga mwenye degedege aliyepata nafuu. Wala hakuficha ya kuwa watumiao bila kukoma huweweseka na kupotewa na akili. Halafu mwaka 1893 serikali ya Waingereza huko iliweka tume iliyosikiliza mashahidi zaidi ya elfu moja. Wajumbe wa tume wakachungulia pia vitabu vya hospitali za wenye wazimu, kwa kuwa vitabu hivyo vilionyesha bangi kuwa chanzo cha wagonjwa wengi. Wakagundua neno la ajabu: mara nyingi mgonjwa aliletwa na askari, na katika karatasi palikuwa na mahali pa kuandika sababu ya wazimu; na kwa kuwa hakuna aliyeijua, waliandika "bangi". Katika ripoti yao ya mwaka 1894 walisema ya kuwa kutumia kwa kiasi hakuleti madhara makubwa kwa walio wengi, bali kutumia kupita kiasi huharibu mwili na akili, hasa kwa wale ambao akili zao zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Sisi tulipoisoma habari hii tulikumbuka ni mara ngapi tumesikia matangani, "Bangi imemwua," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walifaulu kukitenga na kukieleza kile kitu kilevyacho kilichomo katika bangi, kiitwacho tetrahidrokanabinoli. Kimo kingine pia, kiitwacho kanabidioli, nacho hakilevyi. Yatupasa kuvishika viwili hivi mbalimbali, maana karibu ubishi wote wa siku hizi hutokana na kuvichanganya. (Mwaka 1992 ilionekana ya kuwa ubongo hutengeneza wenyewe kitu kinachofanya kazi mahali pale pale kinapofanya kazi kile kilevi, nao wakakipa jina kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Muumba ana siri nyingi.)

Kwa habari ya kifafa, kanabidioli ndiyo iliyojaribiwa. Mwaka 2017 zilitolewa habari za watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali kisichosikia dawa. Wengine walipewa kanabidioli iliyosafishwa, wengine maji ya dawa yasiyo na kitu, wala hawakuambiwa nani amepata nini. Waliopewa kanabidioli, hesabu yao ya katikati ya kushikwa kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hata 5.9, na wale wengine kutoka 14.9 hata 14.1. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mama akeshaye usiku. Lakini sikilizeni na yaliyobaki. Katika kila mia waliopewa dawa hiyo, walioacha kuanguka kabisa ni kama watano tu. Wengine waliharisha, wakatapika, wakasinzia. Wengine ini lao lilionyesha dalili za kuumia. Na neno kuu kupita yote: watoto hao waliendelea kunywa dawa zao za kawaida za kifafa. Kanabidioli iliongezwa juu yake. Marekani waliikubali dawa hiyo mwaka 2018, nayo hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa kupimwa kwa uzito wa mtoto.

Mchuuzi wetu hakulisema neno lile kuu. Vidonge vya kifafa, hasa vya fenobabito ambavyo mtoto yule alikuwa akipewa, vikiachwa kwa ghafula vyaweza kuleta kushikwa kusikokoma, nako huua. Ndilo lililompata. Wala hatuwezi kusema kwa hakika kama mafuta yalimdhuru au hayakumdhuru. Kuacha vidonge kulitosha.

Faida nyingine zilizoonekana twazitaja upesi. Dawa zenye kile kilevi, zikipimwa, huzuia kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa kali, nazo zilikubaliwa Marekani tangu mwaka 1985. Husaidia pia wagonjwa fulani wa mishipa ya fahamu ambao misuli yao hukakamaa, na maumivu ya muda mrefu kwa baadhi ya watu wazima. Kwamba bangi huponya saratani, au kisukari, au UKIMWI, hakuna uthibitisho, na anayewaambia hivyo anawauzia upepo.

Upande wa madhara hatutapita upesi, maana ndio uliowapata vijana wetu. Huko Sweden walichunguzwa vijana 45,570 walioitwa katika jeshi miaka ya 1969 na 1970, wakaangaliwa miaka kumi na mitano. Habari zilizotolewa mwaka 1987 zilionyesha ya kuwa wale waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walipatwa na ule ugonjwa mzito wa akili uitwao skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Wataalamu wamebishana tangu hapo ni kiasi gani cha hesabu hiyo kimetokana na bangi yenyewe na kiasi gani na mambo mengine ya maisha ya vijana hao. Lakini uchunguzi mwingine mwingi uliofuata umeelekea upande ule ule. Hapo tunapata jibu ambalo tungalimpa yule kijana wa kipaimara. Walio wengi sana kati ya waliovuta hawakupata ugonjwa huo, naye mjomba wake ni mmoja wao. Bangi ni kama daraja bovu: wengi huvuka, na kila avukaye humwambia mwenzake ya kuwa daraja ni zima. Ila ubao utakaovunjika haujulikani, na kijana ambaye ubongo wake haujakomaa, au ambaye katika ukoo wake wamo wagonjwa wa akili, hupita pale palipooza. Na ubongo haukomai upesi; huendelea kujijenga hata karibu na miaka ishirini na mitano.

Zaidi ya hayo, moshi wake huleta kikohozi na makohozi ya kudumu. Mama mjamzito avutaye hujifungua mara nyingi zaidi mtoto mwenye uzito pungufu. Dereva aliyevuta huhatarisha abiria. Tena wako wanaoshikwa nayo wasiweze kuiacha. Yakadiriwa ya kuwa ni kama mmoja katika kumi wa walioijaribu, na kwa walioanza ujanani ni kama mmoja katika sita. Wala bangi ya leo si ile ya babu zetu. Ile iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na sehemu kama 4 katika mia za kile kilevi. Mwaka 2014 sehemu zilifika kama 12.

Na vichupa vya wachuuzi? Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walitoa habari za chupa na vitu 84 vya kanabidioli walivyovinunua kwa njia ya intaneti, wakavipima. Vilivyokuwa na kiasi kile kile kilichoandikwa juu yake vilikuwa 26 tu. Katika 18 walikuta na kile kilevi pia, ambacho mnunuzi hakukitaka, na ambacho mama angempa mtoto wake pasipo kujua. Haya yalitokea katika nchi yenye wapimaji na sheria. Chupa ya mbuzi wawili iliyouzwa mlangoni kwa mama yetu ni nani aliyeipima?

Basi, ndugu mwalimu uliyetuandikia, waambie vijana hivi. Katika bangi imo dawa, kama vile katika afyuni imo mofini, ambayo hospitali zetu huwapa wagonjwa wa saratani waliolemewa na maumivu. Hatujasikia mtu akisema, kwa kuwa mofini ni dawa, tuvute afyuni sote. Dawa hupimwa, hutolewa na aliyejifunza, kwa mgonjwa anayejulikana, kwa ugonjwa unaojulikana. Mgonjwa aipokeaye hivyo kwa mkono wa daktari, pale sheria inaporuhusu, hatendi dhambi, kama vile Timotheo hakutenda dhambi alipoitii shauri ya Paulo juu ya mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Bali anayevuta ili alewe, kisha akajiita mgonjwa, anajua moyoni mwake anachokitafuta, nasi hatuna haja ya kumfafanulia. Waambie pia ya kuwa hapa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2015, kulima, kuuza na kutumia bangi ni makosa yenye adhabu nzito. Na yule ndugu aipandaye katikati ya mahindi, akisema ni ya kulipia ada ya shule, afikiri ni watoto wa nani watakaoivuta.

Wakikuuliza usilolijua, uwaambie hulijui, kisha mwende pamoja kwa daktari. Sisi tumeanza kufanya hivyo, nasi twakiri ya kuwa mwanzoni ilitutahayarisha. Tuliyafuta maneno yetu ya kwanza mbele ya usharika Jumapili moja, baada ya matangazo. Mzee mmoja wa kanisa alitulaumu baadaye, akisema tumewapa walevi fimbo ya kutupigia. Huenda ikawa. Lakini katika juma lile lile walikuja watu watatu nyumbani kwetu jioni, kila mtu kwa wakati wake, kuuliza mambo waliyokuwa wakiyaficha. Mmoja ni baba ambaye mwanawe alikuwa amekwisha kuanza kusikia sauti zisizokuwapo. Tulikwenda naye kwa daktari kesho yake.

Na mtoto yule wa kifafa? Amerudishiwa vidonge vyake, na daktari amekiongeza kipimo. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema ya kuwa wagonjwa wa kifafa hata saba katika kumi wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa vizuri kwa dawa zilizopo, na fenobabito, ambayo imetumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu kuliko nyingi. Huyu mtoto bado huanguka, mara moja au mbili kwa mwezi. Labda ni mmoja wa wale watatu waliobaki.

Mwezi uliopita mama yake alikuja kutuuliza habari ya dawa ile ya kweli, ile iliyojaribiwa: je, yaweza kupatikana? Tukamweleza yote tuliyoyaeleza hapa, na kwamba aina ya kifafa cha mwanawe haijulikani kuwa ndiyo ile. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza bei. Tulitamani sana kumwambia neno laini zaidi. Tukamwambia ya kuwa ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa kama dola 32,500 kwa mwaka mmoja. Akauliza hizo ni mbuzi wangapi. Tukaketi naye mezani, tukachukua kalamu, tukafanya hesabu.